Mama Mkwe Alisema Hanijui

Tangu nirudi Mowlem wiki jana sijamaliza kushona hata pazia moja. Nikikaa tu kwenye cherehani, mmoja wenu anavuta kiti na kuuliza kulienda aje. Naanza kueleza, mteja anaingia, nakatiza. Mwingine anafika akiwa amechelewa, anasikia nusu, halafu anaenda kusimulia mambo ambayo hayakutokea. Jana nilisikia kwamba nilifungwa Uganda. Sikufungwa. Ndiyo maana nimeyaandika hapa, myasome wote wa laini yetu ya mafundi. Habari za fomu, picha na mihuri nimeziacha, maana foleni ni foleni tu, hata ikiwa ya nchi jirani.

Mnamjua mume wangu Kato. Alichomelea mageti Kariobangi miaka kumi na mitano, na siku ya ndoa yetu, miaka sita iliyopita, ninyi ndio mlionishonea gauni. Miaka miwili iliyopita mama yake alianguka akavunjika nyonga. Hana mtoto mwingine, kwa hiyo Kato alirudi kwao Uganda, kijiji kilicho mbele ya Masaka, amtunze na kuiangalia kahawa. Mimi nikawa wa kwenda na kurudi. Kila nikienda napigwa muhuri wa mgeni, na siku zikiisha nafunga mzigo. Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni wa mume wangu. Sheria ya kule inamruhusu mke wa mwananchi kuomba ukaazi wa kudumu, na mwaka jana tukaomba.

Ombi lilikwama mahali nisipotarajia. Mwenyekiti wa kijiji lazima aandike kwamba watu wa nyumba ya mume wanakutambua. Alikuja na daftari lake, akamwuliza mama mkwe mbele yangu kama mimi ni mke wa mwanawe. Yule mama alinitazama, akasema neno moja: "Simumanyi." Simjui. Mwenyekiti akafunga daftari.

Kato alitaka tumtafute mwenyekiti wa kijiji kingine atuandikie, akasema mambo hayo hufanyika. Nilikataa. Sikutaka cheti kinachosema ninajulikana huku mwenye nyumba amesema hanijui. Nikamwambia nitarudi, na safari hii sitatoka kule mpaka mama aseme kwa kinywa chake kosa langu ni nini.

MOWLEM HADI BUSIA

Nilipanda basi la asubuhi. Mpaka Nakuru mambo yalikuwa mazuri, nikalala. Tulipokaribia Kericho mvua ikaanza, na kwenye mlima mmoja basi likatoa sauti ya kukohoa, likasimama. Dereva alifungua boneti, akaifunga, akaingia tena akakaa. Hapo tukajua si jambo la dakika kumi.

Tulikaa saa nne. Kulikuwa na kibanda cha chai upande wa pili wa barabara, na abiria wote tulijazana chini ya mabati yake. Mwenye kibanda aliishiwa na mandazi, akaanza kutuchemshia viazi vya nyumbani kwake. Ndipo nilipokutana na Aidah, Mganda wa rika langu, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Huleta ndizi mbichi Nairobi na kurudi na mabeseni ya plastiki. Kiswahili chake alikiokota sokoni, na kilinitosha.

Tulimenya viazi pamoja. Akaniuliza ninaenda kwa nani, na sijui kama ni baridi au ni uchovu, lakini nilimweleza yote, hata lile neno la mama mkwe. Hakunihurumia. Aliniuliza tu siku ya kwanza nilimsalimu vipi mama huyo.

Nikamwambia nilimpa mkono, nikamwambia shikamoo, kwa adabu zote.

"Ulikuwa umesimama?" akauliza.

"Nilikuwa nimesimama."

Akatikisa kichwa. Kwao mke hupiga magoti kumsalimu mama mkwe, na kupiga magoti kwenyewe, akasema, si utumwa, ni kama wanaume wanavyovua kofia kanisani. Kisha akaniambia jambo la pili, ambalo ndilo lililobaki kichwani mwangu. Wazee wengi wa kwao hawakipendi Kiswahili. Walipokuwa vijana, watu waliokuja kwao wakizungumza Kiswahili walikuwa askari wenye bunduki. Mtoto wa mjini siku hizi hajali, lakini mwambie bibi wa kijijini shikamoo, utaona macho yake yanakwenda mlangoni.

Mimi niliyezaliwa Dandora, niliyesoma, kucheza na kuposwa kwa Kiswahili, sikuwahi kuwaza kwamba lugha yangu inaweza kumtia mtu hofu. Nilibishana naye kidogo. Baadaye nikarudi kwenye viazi.

Basi lilipona saa kumi. Tulifika Busia kukiwa giza tukakodi chumba kimoja chenye vitanda viwili.

BUSIA HADI KAMPALA

Asubuhi, kwenye dirisha la mpakani, ofisa wa upande wa Uganda alisoma jina langu, Nabwire, akaniuliza kwa nini nina pasipoti ya Kenya ilhali jina ni la kwao. Nikamweleza kwamba Wasamia tuko pande zote mbili za mpaka, na mama yangu alizaliwa karibu tu, upande wa Kenya. Akauliza ninakwenda kutembea siku ngapi. Nilisema siendi kutembea, ninakwenda kwa mume wangu. Akasema muhuri alio nao ni wa matembezi tu, akaupiga.

Ndani ya gari la Kampala Aidah alinifundisha salamu. Ya asubuhi, ya jioni, ya mtu aliyetoka safari, na namna ya kujibu, maana salamu zao ni ndefu na ukikatiza katikati umetukana. Abiria waliokuwa nyuma yetu walijiunga kunisahihisha. Mzee mmoja alisisitiza nirudie mpaka sauti yangu ishuke, akisema ninasalimu kama mtu anayedai kitu.

Tulipokula Jinja niliaibika kidogo. Niliagiza wali na maharagwe. Msichana wa hoteli akauliza nataka na chakula gani. Nikasema wali. Akasema sawa, na chakula? Nikadhani ananichezea, nikaanza kupandisha sauti ya Kariobangi. Aidah ndiye aliyetuamua. Kwao neno chakula ni ndizi zilizopondwa, viazi vitamu na mihogo, na wali uko humo pia. Alichotaka kujua ni vingine vipi aniongezee sahanini. Mwishowe nililetewa vyote kwa pamoja, mlima mzima, na maharagwe pembeni kwenye bakuli. Nilikula nikamaliza kwa sababu ya aibu.

Aidah aliniacha Kampala. Kabla ya kushuka alinifunga kitenge kiunoni juu ya suruali yangu ndefu, akakivuta chini, akaniangalia. "Sasa nenda upige magoti," akasema. Hatukupeana hata namba.

MASAKA

Kato alinipokea Masaka mchana uliofuata. Alikuwa amekonda, na mikono yake, ambayo zamani ilikuwa na makovu ya kuchomelea, sasa ilikuwa na rangi ya kahawa kwenye kucha. Njiani nilimwuliza baba yake alikufaje. Alisema alikuwa na miaka minne, hakumbuki. Alisikia tu kwamba alichukuliwa na askari. Nilimwuliza kama mama yake amewahi kumweleza siku hiyo ilivyokuwa, akasema hawajawahi kuizungumza.

Hapo barabarani nilimwambia sitasema neno la Kiswahili katika boma la mama yake, na yeye asiniambie neno la Kiswahili. Alicheka. Akaniuliza tutaongeaje basi, maana Luganda langu lilikuwa la salamu na maji ya kunywa. Nikamwambia atanifundisha, na tusipoelewana tutanyamaza.

NYUMBANI KWA NALONGO

Mama mkwe wangu huitwa Nalongo. Alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, mkongojo wake kando. Niliweka mzigo chini, nikapiga magoti kwenye mchanga, nikatoa salamu yote kama nilivyofundishwa, kwa sauti ya chini. Aliitikia mpaka mwisho, kwa sababu adabu zake hazimruhusu kuacha salamu katikati. Kisha akageuza uso.

Siku nne nilifanya kazi bila maneno. Nilichota maji, nikamenya ndizi vibaya na kuchafua mikono kwa utomvu usiotoka, nikamwona Nalongo akizimenya upya bila kuniambia kitu. Nilimwogesha siku ambayo jirani anayemsaidia hakuja. Aliniruhusu, lakini alifumba macho muda wote. Jioni Kato na mimi tulikaa kama watu wawili wasiojuana, tukionyeshana vitu. Huyu ni mtu niliyezoea kubishana naye saa nzima juu ya chumvi ya sukuma wiki. Siku ya tatu nilitaka kurudi. Nilihesabu nguo zangu mara mbili. Nikazirudisha kwenye begi, nikaenda kuchota maji.

Siku ya tano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa jikoni, na Nalongo alikuwa humo ndani karibu na moto, kwa sababu baridi ilimwuma nyonga. Moto ulipozimika mara ya tatu nilijisahau. Sikulalamika kwa Kiswahili. Yalinitoka maneno ya mama yangu, ambaye alinisemesha Kisamia utoto wangu wote pale Dandora nami nikimjibu kwa Sheng ya mtaani. Niliulaani moto, nikasema unakufa tena, unanitaka nini. Na moto kwetu ni omuliro.

Nalongo aliinua kichwa. "Omuliro?" akasema.

Nikarudia. Kwao pia ni omuliro.

Alionyesha kuku aliyejikunyata mlangoni. Nikasema engoko. Wao husema enkoko. Alionyesha nyumba, mtoto aliyekuwa akipita njiani, mvua. Mengine yalifanana, mengine hayakukaribiana hata kidogo, na moja, sitaliandika hapa, kwa Kisamia halina ubaya lakini kwao inaonekana ni tusi, maana aliziba mdomo kwa kanga akacheka mpaka akaishika nyonga. Ndipo akaniuliza: "Oli Musamya?" Nikaitikia kwamba ndiyo, mimi ni Msamia.

Alimwita Kato. Alimwuliza kwa nini hakumwambia. Alikuwa akijua tu kwamba mkewe ni mtu wa Nairobi. Wasamia aliwafahamu tangu usichana wake, walikuwa wakija kuchuma kahawa kwa baba yake, na mmoja alimfundisha kusuka mikeka. Kisha akachochea moto kwa mkono wake mwenyewe, na alipoanza kusema tena hakuwa akinitazama mimi. Alimwagiza Kato anitafsirie, na Kato akatafsiri kwa Kiswahili cha kunong'ona, sentensi moja moja. Mwanzo alitafsiri vizuri. Baadaye ilibidi anyamaze kwanza ndipo aendelee, kwa sababu hata yeye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

Walikuja mchana, watatu. Mumewe alikuwa akipepeta kahawa uani. Mmoja alisimama pale penye jiwe la kunolea panga, akamwita kwa maneno mawili. Mumewe hakuyaelewa, akaenda hivyo hivyo, akiwa bado na ungo mkononi. Walimrudishia ungo. Yeye hakurudi.

"Na siku uliyokuja wewe mara ya kwanza," Nalongo akasema, na sasa akanitazama, "ulisimama palepale, ukamwita mwanangu kwa maneno yaleyale."

Kato alitafsiri, kisha yeye mwenyewe akayataja, polepole: "Kuja hapa."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemwona Kato kwa mbali, nikafurahi, nikamwita. Hivyo ndivyo sisi huitana, kuja hapa, kuja uone, kuja ule. Nilipiga magoti tena pale jikoni, kwenye majivu, na kumwambia kwa Luganda langu la kuokoteza kwamba sikujua, na kwamba nimekosa.

Kisha akaniuliza swali, na Kato alilitafsiri kwa sauti ambayo nusura nisiisikie: "Anauliza kama lugha yenu ina kitu kingine, zaidi ya kuwaita watu watoke nje."

Ninyi mnanijua, mimi si mtu wa kukosa maneno. Nyimbo zilinijia, vichekesho, vyote havikufaa. Ndizi zilikuwa zimeiva na mvuke ulikuwa ukitoka. Nikafanya kitu tulichofanya kila siku kwetu, watu sita katika chumba kimoja. Nilifumba macho, nikakiombea chakula kwa Kiswahili. Nilimshukuru Mungu kwa ndizi na kwa mvua, nikamwomba aibariki mikono iliyozilima, amponye mama huyu nyonga, na asimsahau baba wa nyumba hii popote alipolala. Kato hakutafsiri. Nilipomaliza nilisikia Nalongo akisema amina.

Tulikula. Hakuna aliyesema kwamba mambo yamekwisha, na kwa kweli hayakuwa yamekwisha. Hata baadaye, nikijisahau na kupaza sauti, niliona mabega yake yakikakamaa. Lakini kesho yake aliniita aniongoze kumenya ndizi, na nilipokosea alinipiga mkono kwa mpini wa kisu, kama mtu anavyompiga mwanawe.

MWENYEKITI ANARUDI

Wiki ya tatu nilimwambia Kato amwite mwenyekiti. Alitaka tungoje zaidi. Nikasema hapana, kama bado ananikataa nataka nijue nikiwa na nguvu za kubeba begi.

Mwenyekiti alikuja na majirani wawili wa kushuhudia. Ni mtu mwembamba, makini, asiyependa kupotezewa wakati. Alisoma kwenye daftari jibu la mwaka jana, kisha akamwuliza Nalongo swali lilelile.

"Oyo mukamwana wange," Nalongo akasema. Huyo ni mke wa mwanangu.

Nilidhani ataandika. Hakuandika. Alimwuliza, bila ukali lakini bila kutabasamu, inakuwaje mwaka jana alisema hanijui na leo ananijua, na kama kuna mtu amemshurutisha au kumpa kitu. Majirani wakatazama chini. Kato alitaka kusema, nikamgusa mguu anyamaze, maana hilo lilikuwa swali la mama.

Nalongo alijinyoosha pale mkekani. "Mwaka jana nilikuwa simjui," akasema. "Ulitaka nidanganye?"

Mwenyekiti aliutazama ule mkongojo, akanitazama mimi, akafungua kalamu.

OFISINI KAMPALA

Hapa nitakuwa mfupi. Tuliulizwa maswali tukiwa vyumba tofauti, Kato na mimi, na ilibidi majibu yalingane. Upande wa kitanda, jina la kanisa, nani huamka kwanza, yote yalilingana. Kisha ofisa akaniambia nimtajie jina la mama mkwe. Nikasema Nalongo. Akageuza karatasi na kusema mume wangu ameandika jina lingine kabisa, Felista.

Nimeishi na mwanamke huyu, nimemwogesha, na sijui jina lake? Lakini nilikuwa nimetoka mbali mno kuanza kubabaika. Nikamwambia ofisa kwamba kijiji kizima kinamwita Nalongo, mwanawe pia, na hilo Felista sijawahi kulisikia, na kama ningekuja na hadithi ya kubuni basi ningelikariri. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini, mila za huku hakuzijua. Alitoka akamwuliza mwenzake wa meza ya jirani, na nilisikia huyo mwenzake akicheka. Nalongo si jina la kuzaliwa. Ni heshima wanayopewa mama wa mapacha, na akishaipata, jina la zamani halisikiki tena. Pacha wa Kato, kwa mujibu wa fomu yake, alifariki akiwa mchanga. Hata hilo sikulijua mpaka siku ile, na nililijulia kwenye meza ya serikali.

Tuliambiwa tungoje, tukarudi kijijini kungoja. Wiki ya saba tuliitwa. Cheti chenyewe ni karatasi ya kawaida, yenye picha yangu ambayo sikuipenda. Kato alikishika kwa ncha za vidole kama chuma cha moto. Mimi nilikisoma mara tatu nikitafuta tarehe ya mwisho. Hakuna.

KURUDI MOWLEM

Nimekuja kwa wiki mbili, nifungashe cherehani na kumwachia Linet nyumba. Wengi wenu mmemhurumia binti yangu, lakini ana miaka ishirini na miwili, kazi yake ya kiwandani anaipenda, na Uganda amesema atakuja Krismasi. Jioni niliyofika alinipikia chapati, ngumu kama kawaida yake, akaninyang'anya simu ili nimsimulie vizuri. Alicheka kwenye hadithi ya chakula cha Jinja. Kwenye hadithi ya ungo hakucheka.

Jana tulipanga vitu. Kabati libaki kwake, kitanda changu kiende kwa jirani yetu Mama Njeri, mapazia yabaki. Mwishoni nilitoa ufunguo wa mlango kwenye kamba yangu nikamwekea mezani. Aliutazama bila kuuchukua.

"Mathe," akasema, "kwa hivyo ukikuja utapiga hodi?"

"Nitapiga hodi," nikamwambia.

Akauchukua.